KIPIMO CHA USIKIVU KWA WATOTO WACHANGA: KATAVI TUDAI MASHINE, AU TUDAI NJIA NZIMA?



Kila tarehe 3 Machi dunia inaadhimisha Siku ya Usikivu. Mitaani kwetu siku hiyo huwa inapita kama siku nyingine yoyote: bodaboda wanapiga honi, spika za maduka ya simu zinashindana, basi. Lakini ukikaa ukasoma ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya mwaka 2021, unakutana na hesabu ya kutisha. Watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, na kati yao milioni 430 hali yao ni ya kuhitaji huduma kabisa. Kwa upande wa watoto, karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu unatokana na sababu ambazo zingeweza kuzuilika. Asilimia 60 jamani!

Leo nataka tumwongelee mtoto mchanga, yule ambaye hawezi kusema "mama, sisikii". Kipimo chake kipo. Hakina sindano, hakina mionzi, kinachukua dakika chache, na mtoto anaweza kupimwa akiwa amelala fofofo mgongoni kwa mama. Nchi nyingine wanakitumia kwa kila mtoto anayezaliwa. Sasa swali langu ni hili: sisi watu wa Katavi tudai nini hasa? Manake tumezoea, mashine ikija inapokelewa kwa ngoma na vigelegele, picha zinapigwa, halafu baada ya mwaka ukiuliza unaambiwa "ipo, ila...". Mimi nasema tukidai mashine peke yake tutakuwa tumejidanganya wenyewe. Twende polepole, nitaeleza kwa nini.

KIPIMO CHA SUFURIA

Huku kwetu mzazi akianza kuwa na wasiwasi, kipimo chake ni sufuria na mwiko. Anasimama nyuma ya mtoto, paa! Mtoto akigeuka, wote mnacheka, "huyu anasikia, ni mvivu tu wa kuongea". Au utasikia, "hata baba yake alichelewa kuongea, mwacheni".

Tatizo ni kwamba sufuria inadanganya. Mtoto anaweza kugeuka kwa sababu ameona kivuli, au amehisi mtikisiko wa sakafu, au ameona macho ya dada yake yakiangalia nyuma. Halafu kuna watoto wanaosikia sauti nzito kama ngoma au lori, ila hawasikii sauti nyembamba kama "s", "f", "t". Huyo kwenye kipimo cha sufuria anafaulu kwa alama A, ila neno "fisi" na neno "kisu" kwake ni ukungu mtupu. Na kuna mtoto wa sikio moja. Huyo anageuka vizuri tu, ila darasani akikaa upande usiofaa anapotea.

Matokeo yake mnayajua. Mtoto anafika miaka mitatu, minne, haongei. Wanaanza kuhangaika kwa waganga. Wengine wanasema karogwa. Akianza shule anaitwa mzito, anachapwa kwa kutofuata maelekezo ambayo hajayasikia. Nadhani kila mtaa hapa Mpanda una kijana mmoja ambaye jina lake halisi watu wamelisahau, wote wanamwita "Bubu". Ukimwangalia anavyofanya kazi unaona akili anayo nyingi tu. Alichokosa ni lugha, na alianza kuikosa kabla hajajua kutembea.

SIKIO NALO LINATOA SAUTI

Sasa kipimo chenyewe. Hapa naomba mnivumilie kidogo, ila ni stori tamu.

Ndani kabisa ya sikio, kwenye mfupa wa kichwa, kuna kijumba kilichojikunja kama gamba la konokono, kimejaa majimaji. Humo kuna seli zenye vinyweleo vidogo mno, na ziko za aina mbili. Seli za ndani, kama 3,500 kwa kila sikio, ndizo zinazopeleka habari kwenye mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo. Seli za nje, kama 12,000, kazi yao ni tofauti: sauti ikiingia zenyewe zinarefuka na kufupika kwa kasi ya ajabu, zinaisukuma ile sauti ndogo mpaka inakuwa kubwa. Yaani umezaliwa na ampilifaya kichwani. Na ubaya wake ni huu: kwa binadamu seli hizi zikishakufa hazioti tena.

Wanasayansi walichukua muda mrefu kulikubali hilo. Georg von Békésy, mzaliwa wa Hungaria, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha jinsi mawimbi ya sauti yanavyosafiri ndani ya kile kijumba cha konokono. Kazi kubwa, ila masikio mengi aliyopima yalikuwa ya maiti. Na ampilifaya ya maiti si imeshazimwa? Kabla ya hapo, mwaka 1948, mwanafizikia mmoja aitwaye Thomas Gold alikuwa ameshaandika kwamba sikio hai lazima liwe na nguvu yake lenyewe ya kukuza sauti. Wengi hawakumsikiliza. Akahamia kwenye mambo ya nyota na anga.

Miaka thelathini ikapita. Mwaka 1978, kule London, David Kemp akachapisha matokeo ya jambo dogo tu: alipeleka mlio mfupi ndani ya sikio la mtu, akaweka maikrofoni mlangoni pa sikio, akasubiri. Sauti ikarudi! Tena ilirudi kwa kuchelewa kuliko mwangwi wa kawaida tunaofundishwa kwenye fizikia ya sekondari, kwa hiyo haikuwa imegonga ukuta na kurudi hivi hivi. Ilikuwa imetengenezwa na sikio lenyewe. Mwaka 1985 William Brownell na wenzake wakaonyesha kwamba zile seli za nje kweli zinajinyoosha na kujikunja zikipata umeme. Gold alikuwa sahihi.

Kipimo kinachotumika leo kimetoka hapo. Kifupi chake ni OAE. Mpimaji anaweka ncha laini ya mpira kwenye tundu la sikio la mtoto. Ndani ya ncha hiyo kuna vispika vidogo mno na maikrofoni. Mashine inapiga milio, "tik tik tik", halafu inasikiliza jibu. Aina nyingine inapiga noti mbili kwa pamoja, na sikio lenye afya linarudisha noti ya tatu ambayo hakuna mtu aliyeipiga. Hiyo noti ya tatu ndiyo ushahidi kwamba zile seli za nje zipo kazini. Jibu kwenye kioo linakuja kwa lugha nyepesi: amepita, au apelekwe kwa uchunguzi zaidi. Mtoto hajaulizwa kitu. Sikio lake limejibu kwa niaba yake.

KIPIMO HAKIJUI KILA KITU

Hapa ndipo watu wa matangazo huwa wanaruka, kwa hiyo mimi sitaruka.

Kwanza, mashine ikisema "apelekwe", haina maana mtoto ni kiziwi. Saa za mwanzo baada ya kuzaliwa masikio ya mtoto huwa bado na majimaji na uchafu wa tumboni. Nta inaweza kuziba. Mafua yakijaza maji nyuma ya ngoma ya sikio, jibu dogo linalotoka ndani linashindwa kupita. Watoto wengi wanaokwama mara ya kwanza wanapita mara ya pili. Kwa hiyo mzazi asianze kulia, na nesi asimwambie "mtoto wako hasikii". Amwambie "turudie".

Pili, mashine ikisema "amepita", nayo siyo hati ya maisha. Kipimo kinaangalia zile seli za nje, hakiangalii mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye ubongo. Kuna watoto ambao sikio la ndani ni zima ila mshipa haupeleki habari vizuri. Hawa wamo sana kati ya watoto waliolazwa wiki nyingi wakiwa njiti, au waliopata manjano kali baada ya kuzaliwa. Kwao kunahitajika kipimo kingine, kile cha vibandiko kichwani kinachosoma umeme wa ubongo wakati sauti inaingia. Na mtoto anaweza kupita leo, akaja kupoteza usikivu mwakani kwa homa ya uti wa mgongo, surua au matumbwitumbwi.

Tatu, kipimo kinataka utulivu. Sauti inayotafutwa ni ndogo kuliko mnong'ono. Sasa fikiria kliniki zetu siku ya chanjo: akina mama mia, watoto hamsini wanalia kwa pamoja, mlango unabamizwa. Hapo mashine itakwama siyo kwa sababu mtoto ana tatizo, ni kwa sababu ya kelele. Chumba kimoja chenye mlango unaofunga na pazia zito kina thamani sawa na mashine yenyewe. Nani anaweka bajeti ya pazia?

SIYO MAMBO YA WAZUNGU TU

Kuna wanaodhani haya ni ya Ulaya. Hapana. Dar es Salaam watafiti wa Kitanzania wakishirikiana na wenzao wa Dartmouth, Marekani, walipima watoto 244, kati yao 131 wanaishi na VVU na 113 hawana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Kwa wastani, kile kipimo cha kawaida cha "bonyeza ukisikia" hakikuonyesha tofauti kati ya makundi mawili, ingawa waliovuka kiwango cha kawaida cha upungufu walikuwa wengi zaidi upande wa watoto wenye VVU. Lakini walipopima zile sauti zinazotoka ndani ya sikio, upande wa watoto wenye VVU zilikuwa hafifu zaidi kwenye milio kadhaa. Pia watoto hao walikuwa na historia kubwa zaidi ya kutokwa usaha masikioni.

Maana yake kwa lugha ya kijiweni: kile kipimo kiliona jambo ambalo wastani wa kipimo cha kawaida haukulionyesha.

Na sisi tunazo sababu zetu za kuliangalia sikio la ndani kwa makini. Waliowahi kuwekewa dripu ya kwinini wanajua masikio yanavyovuma kama nyuki. Mara nyingi ule uvumi unaisha dawa ikiisha, lakini umeonja jinsi dawa inavyoingia hadi kwenye sikio. Sindano za streptomaisini na kanamaisini, zilizotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu, zina sifa ya kuua zile seli za nje moja kwa moja. Jentamaisini, ambayo inaokoa watoto wachanga wenye maambukizi kwenye damu, iko kwenye familia hiyo hiyo. Sisemi dawa hizo ni mbaya! Mtoto mwenye maambukizi kwenye damu apewe sindano, aishi. Nasema aliyezipata kwa wingi awe wa kwanza kwenye foleni ya kipimo.

Pia tuseme lililofanyika vizuri. Mwaka 2014 Tanzania ilianza chanjo ya surua na rubela kwa pamoja. Rubela ikimpata mama mjamzito mapema inaweza kumfanya mtoto azaliwe hasikii. Kila mama aliyesimama foleni ya chanjo ile amezuia uziwi bila hata kujua.

KWA NINI MIEZI NDIYO MUHIMU

Kuna mdau atasema: mtoto akifika miaka mitano si atapimwa shuleni? Tatizo ni kwamba ubongo haumsubiri.

Mwaka 1998 huko Colorado, Marekani, Christine Yoshinaga-Itano na wenzake walilinganisha watoto 150 wenye upungufu wa kusikia. Kati yao 72 waligunduliwa kabla ya kutimiza miezi sita, na 78 baada ya hapo. Wale wa mapema walikuwa mbele kwa lugha, wazi kabisa. Tena iwe lugha ya kusema au ya ishara. Ndiyo maana wataalamu wana kanuni ya 1-3-6: mtoto awe amepimwa kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6.

Linganisha na ratiba yetu ya sufuria, ambayo inaanza kupata wasiwasi mtoto akiwa na miaka mitatu. Miezi sita dhidi ya miezi thelathini na sita. Hapo ndipo mtaa unapotengeneza "Bubu".

Makadirio ya kimataifa ni kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa, 1 hadi 3 wana upungufu wa kudumu wa kusikia. Piga hesabu: kituo kinachopokea watoto 3,000 kwa mwaka, hao ni watoto 3 hadi 9 kila mwaka, kituo kimoja. Na Katavi tunazaana kweli kweli. Sensa ya 2012, mwaka ule ule mkoa wetu ulipomegwa kutoka Rukwa, tulikuwa watu 564,604. Sensa ya 2022 tukawa 1,152,958. Mara mbili ndani ya miaka kumi! Hakuna mkoa uliokua kwa kasi kama yetu. Watoto hao wote wana masikio mawili mawili.

FUNZO LA LAGOS

Sasa nafika kwenye hoja yangu hasa.

Nchini Nigeria, daktari Bolajoko Olusanya na wenzake walifanya jambo ambalo lingeweza kufanyika hapa kesho. Badala ya kusubiri hospitali kubwa, walikaa kwenye kliniki za chanjo ya BCG jijini Lagos, wakapima watoto kama 2,000 wa chini ya miezi mitatu. Matokeo yakatoka mwaka 2008 kwenye jarida la WHO. Waligundua kwamba inawezekana kabisa kupima watoto kliniki, hata kwa watu ambao siyo mabingwa wa masikio. Mama ameshakuja kwa ajili ya sindano, mtoto yupo, unampima.

Lakini kuna jambo lilivuja. Wale walioambiwa warudi kwa kipimo cha pili, wengi hawakurudi. Na walioambiwa waende kwa uchunguzi kamili, napo wengine wakapotea.

Hiyo ilikuwa Lagos, mjini, daladala kila kona. Sasa hamishia Katavi. Mama katoka Karema kule ziwani, au Mishamo, au vijiji vya ndani huko Mlele, masika barabara ni tope. Amelipa nauli, amelala kwa ndugu, mtoto amekwama kipimo cha kwanza. Unamwambia arudi baada ya wiki mbili. Kurudi na nini? Na mtoto mwenyewe anaonekana mzima, ananyonya, anacheka. Mumewe atamuuliza, "unakwenda kutibu nini?"

Basi mashine inajibu swali moja tu: je, seli za nje za sikio hili zinafanya kazi? Swali la pili, huyu mtoto akikwama anakwenda wapi na nani anamlipia, mashine hailijui. Hilo ni letu. WHO wenyewe wanasema kwenye nchi maskini, asilimia 78 hivi zina daktari bingwa wa masikio, pua na koo chini ya mmoja kwa kila watu milioni, na asilimia 93 zina mtaalamu wa kupima usikivu chini ya mmoja kwa watu milioni. Na Katavi tumeshavuka milioni.

WANAOPINGA WANA HOJA ZAO

Najua nitaambiwa nini, kwa hiyo nianze kujibu.

"Maji hakuna, dawa hazitoshi, wewe unaleta mashine ya masikio." Ndugu yangu, nakuelewa. Ila sikuombi ujenge jengo jipya. Mtoto wa Tanzania anakuja kliniki akizaliwa, anarudi wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu mwezi wa 9 na wa 18. Safari hizo tayari zipo, kadi tayari ipo. Kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani au aliyetoka wodini baada ya siku moja, wiki ya 6 ni nafasi nzuri: masikio yameshakauka, na bado miezi 3 haijafika. Na ripoti ya WHO ya 2021 inakadiria kila dola 1 inayowekwa kwenye huduma za masikio inarudisha karibu dola 16. Biashara gani hapa Mpanda inakupa hivyo?

"Mkimgundua mtamfanya nini? Tiba haipo." Siyo kweli kwamba haipo. Mwingine tatizo lake ni usaha na maji nyuma ya ngoma ya sikio, huyo anatibika. Mwingine atasaidiwa na shime sikio, vile vifaa vinavyovaliwa. Wachache watahitaji kupandikizwa kifaa cha usikivu, na tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili inafanya upasuaji huo, zamani ilikuwa lazima India. Tatizo ni umbali na pesa. Muhimbili iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na kifaa kinagharimu mamilioni ambayo mkulima wa tumbaku hayaoni kwa msimu mmoja.

"Uziwi siyo ugonjwa." Hoja hii wanaitoa viziwi wenyewe, na mimi naikubali kuliko zote. Kiziwi mwenye lugha ni mtu kamili. Asiye na lugha yoyote ndiye aliyefungiwa nje. Kwa hiyo msaada wa kwanza na wa bei nafuu kuliko wote ni Lugha ya Alama ya Tanzania, ianze mtoto akiwa mchanga, na ifundishwe kwa mama, baba na bibi pia. Haina betri, haihitaji upasuaji. Na jirani zetu wana uzoefu: shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Tabora ni mwisho wa treni yetu! Reli hii ilijengwa enzi za mkoloni ili kubeba madini ya risasi kutoka Mpanda. Isishindwe kubeba mwalimu mmoja kuja kufundisha wazazi huku.

"Ni mapenzi ya Mungu." Inawezekana. Lakini kumchapa mtoto kwa asichokisikia, hayo ni yetu sisi.

TUDAI NINI SASA

Kwa maoni yangu, tukikutana na diwani, mbunge au mganga mkuu, tusiombe "mashine". Tuombe mambo manne yakiwa kwenye bahasha moja:

1. Kipimo kifanyike kliniki ya chanjo, kwenye chumba tulivu, na manesi wawili wafundishwe, siyo mmoja. Mmoja akihamishwa mashine inakufa.

2. Mtoto aliyekwama aandikwe kwenye daftari na namba ya simu ya mzazi, apigiwe. Kipimo cha pili kiunganishwe na tarehe ya chanjo inayofuata, ili mama asitoe nauli mara mbili.

3. Nauli na rufaa kwa wale wachache watakaothibitishwa kuhitaji uchunguzi wa vibandiko. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Swali la kumuuliza mbunge wako ni jepesi: kipimo cha usikivu na shime sikio vimo kwenye kitita, au havimo?

4. Lugha ya alama ianze siku ile ile mzazi anapopewa jibu. Asirudishwe nyumbani na karatasi tu.

Ukipewa namba moja bila tatu zilizobaki, umepewa kifaa cha kuhesabia viziwi. Kuwahesabu watoto na kuwaacha walivyo, mimi naona ni ukatili zaidi kuliko kutowapima. Mama aliyekuwa na amani sasa ana wasiwasi, na hana pa kuupeleka.

NA NYIE MNAOSOMA HAPA

Msijifanye haya ni ya watoto tu. Nusu yenu mmechomeka hedifoni hapo mlipo, jirani anasikia wimbo mzima. WHO wanakadiria vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wako hatarini kwa kusikiliza kwa sauti kubwa. Kipimo wanachoshauri ni sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na ukipandisha zaidi ya hapo muda unapungua haraka sana. Wenzetu wa machimbo ya dhahabu wanaoshinda kwenye makarasha, au wanaoendesha mashine za kusaga bila kuziba masikio, hao wanaziua zile seli 12,000 kila siku ya kazi. Ukitoka kazini masikio yanapiga "ziiii" mpaka usingizini, ujue seli zinalalamika. Zile za nje ndizo huwa zinaanza kuumia.

Tofauti ni kwamba wewe uliyesoma mpaka hapa una lugha tayari. Ukipoteza usikivu utaandika, utasoma, utalalamika, utaenda hospitali mwenyewe. Mtoto wa wiki sita hana hata kimoja. Sikio lake peke yake ndilo linaloweza kusema, na linasema kwa sauti ndogo mno, kwa sekunde chache, kama kuna mtu ametulia kulisikiliza.

Kwa hiyo wiki hii ukimpeleka mdogo wako, mtoto wako au mpwa wako kliniki, muulize nesi kwa heshima: "Dada, mtoto huyu usikivu wake unapimwa lini, na akikwama anakwenda wapi?" Uliza maswali yote mawili. Ukipata jibu liandike hapo chini, taja kituo na wilaya, tuweke orodha ya mkoa mzima. Wa Tabora, Rukwa na Kigoma nanyi mnakaribishwa. Wenye ndugu viziwi, nyie ndio tunataka kuwasikia kwanza.

Kazi kwenu wadau.